Mtuhumiwa Akishafika Kituoni London, Saa Imeanza Kuhesabu

Katika kazi yetu ya kuhakiki miswada ya riwaya za upelelezi zinazotokea Uingereza, sura ya kwanza tunayoitafuta ni ile ya kituo cha polisi. Huko ndiko mambo yanakoharibika. Mpelelezi anamsukumia mtuhumiwa selo, anamhoji usiku kucha, siku ya tatu jamaa anakiri, na wakili hajaonekana. Msomaji anayeishi Birmingham hatakwenda mbele zaidi ya hapo.

Sheria ya kushika ni PACE (Police and Criminal Evidence Act), yaani Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai, ya mwaka 1984, iliyoanza kutumika Januari 1986. Ni ya England na Wales. Uskoti ina sheria zake na waendesha mashtaka wake, kwa hiyo hadithi ya Glasgow tunaihakiki kivyake.

Anayesahaulika kuliko wote ni sajenti wa mahabusu. Hahusiki na upelelezi wa kesi hiyo. Mpelelezi, hata akiwa inspekta, husimama mbele ya kaunta yake na kueleza kwa nini amemkamata mtu huyu, kisha sajenti ndiye anayeamua kama kuna sababu ya kumshikilia. Humweleza mtuhumiwa haki zake: wakili bila malipo, na mtu wake mmoja kujulishwa kwamba amekamatwa. Mtuhumiwa akiwa chini ya miaka 18, lazima apatikane mtu mzima wa kusimama naye, na huyo hawezi kuwa askari. Mkubwa wa cheo akimwamuru sajenti kinyume na uamuzi wake, suala linapelekwa mara moja kwa mrakibu. Kwa mwandishi, ugomvi huo pale kaunta una uzito kuliko kipigo chochote cha selo.

Halafu kuna saa. Tuseme mtuhumiwa wa mauaji amefikishwa kituoni Jumatatu saa 2 usiku. Polisi wana saa 24, yaani hadi Jumanne saa 2 usiku. Mrakibu anaweza kuongeza hadi saa 36, Jumatano saa 2 asubuhi. Kuzidi hapo lazima waende kwa mahakimu, na mwisho kabisa ni saa 96: Ijumaa saa 2 usiku, ama ashtakiwe ama aachiwe. Ugaidi una utaratibu wake.

Ndani ya saa hizo 24, kwa kawaida 8 ni za kupumzika mfululizo, tena usiku. Kumsubiri wakili hakusimamishi saa, wala kusubiri pombe imtoke mtuhumiwa kichwani. Akipelekwa hospitali, muda wa huko na wa njiani hauhesabiwi, ila dakika atakazohojiwa. Ukitaka kumbana mpelelezi wako, mbane hapo.

Onyo analosomewa mtuhumiwa anapokamatwa na kabla ya kuhojiwa nalo waandishi wengi huliiga kutoka filamu za Marekani. La England lina sehemu tatu: hulazimiki kusema lolote, lakini unaweza kuudhuru utetezi wako ukihojiwa na usitaje jambo utakalolitegemea baadaye mahakamani, na utakalosema linaweza kutolewa kuwa ushahidi. Sehemu ya katikati ilitokana na sheria ya mwaka 1994, basi usiiweke kinywani mwa askari wa 1988.

Mahojiano hurekodiwa, wakili ameketi kando ya mteja wake. Katika kesi ya mauaji, anayeamua kama kuna mashtaka ni mwendesha mashtaka wa CPS (Crown Prosecution Service), ofisi ya mashtaka ya umma, si mpelelezi. Mtu akishashtakiwa, maswali juu ya kosa hilo kwa kawaida yamekwisha. Ile sura ya kumrudia selo kumchimba tena iondoe.

Unapotutumia mswada, andika mji, mwaka, umri wa mtuhumiwa, saa aliyokamatwa na saa aliyofika kituoni. Hizo saa mbili zitaje hata kama riwaya yenyewe haizitaji, maana hesabu huanzia ya pili.