Kitabu kisichosomeka na miti ya Mlima Kenya

Mhariri,

Sanaa ya kisasa ya China ikitajwa, hakosekani atakayesema ni kuzuga watu tu. Ushahidi anaouleta mara nyingi ni kitabu kisichosomeka cha msanii wa China, Xu Bing, kilichoonyeshwa kwanza Beijing mwaka 1988. Anayesema hivyo hajatazama kilivyotengenezwa.

Xu Bing, mzaliwa wa Chongqing mwaka 1955, alisomea uchapaji wa picha. Alibuni herufi zipatazo 4,000 zenye sura ya Kichina lakini zisizo na maana yoyote, akazichonga kwenye mti wa peasi. Nyuzi za mti huo ni laini na zimeshikamana, hivyo mstari mwembamba haumeguki. Kila herufi huchongwa kinyume, kama ionekanavyo kwenye kioo, kisha hupangwa na nyingine na kukazwa tayari kwa kuchapwa. Hapo ndipo kazi huharibika: herufi zikipishana kimo hata kidogo, iliyo fupi haishiki wino vizuri na iliyo ndefu huacha doa. Wino ukizidi, husambaa kwenye karatasi.

Mwandiko wenyewe ni ule mkavu wa vitabu vya kuchapwa, usioonyesha mkono wa mtu. Kurasa zina vichwa na maelezo ya pembeni, na majalada yameshonwa kwa uzi kama vitabu vya kale. Ndiyo maana hata msomi wa Kichina hupekua akitafuta angalau neno moja analolijua. Mzaha wa ovyo usingemhangaisha hivyo.

Kwetu huku linasahaulika jambo la karibu zaidi. Mradi wake wa Msitu, alioubuni katikati ya miaka ya 2000, ulianzia Kenya. Watoto walichora miti kwa kutumia herufi na alama za maandishi, michoro ikauzwa kwa mnada kwenye intaneti, na fedha zikaenda kupanda miti Mlima Kenya. Yeye naye aliinakili miti hiyo katika mchoro mmoja mkubwa wa mandhari. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: dola 2, nauli ya treni ya chini ya ardhi New York, zilitosha kupanda miti 10 Kenya.

Naomba ukurasa wenu wa watoto ujaribu zoezi hilo. Karatasi ya A4 na kalamu nyeusi zinatosha. Y zikibebana hutoa matawi, S hujikunja kuwa mizizi, M na V hujaza majani. Mtoto asianze kwa kuchora mti kisha abandike herufi juu yake; herufi zitabaki mapambo. Aanze na herufi ya shina, kila nyingine iote kutoka kwa iliyotangulia. Na mkiichapisha michoro hiyo, msiipunguze ukubwa mno: herufi hufungana, mti ukawa doa jeusi.

Mpenzi wa sanaa,
Nanyuki