Tamasha la Lamu si mbio za punda pekee

Mhariri,

Kila Tamasha la Utamaduni la Lamu linapofanyika, picha inayotufikia sisi wa bara ni ileile: kijana kampanda punda bila tandiko, anatimua mbio kando ya bahari huku watu wakishangilia. Chini yake maelezo ya mistari miwili, na pembeni habari ndefu ya hotuba ya mgeni wa heshima. Sina ugomvi na punda. Katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, mnyama huyo ndiye anayebeba mawe, saruji na maji, na siku moja ya kupigiwa makofi anaistahili. Lakini mimi nilikuwepo, na naona mnatunyima sehemu kubwa ya shughuli yenyewe.

Nikiri hatukufunga safari kwa ajili ya tamasha. Tulikwenda Shela, kijiji cha ufukweni karibu na mji wa Lamu, kuogelea, kama familia nyingi shule zikifungwa mwezi wa Novemba. Mwenye nyumba tuliyopanga ndiye aliyetukemea kwa upole: mtashindaje mchangani na mjini kuna maandamano ya tamasha? Tukapanda mashua asubuhi, tukashuka Lamu mjini, tukatafuta kivuli karibu na uwanja wa Mkunguni.

Walitangulia wanaume wa goma, mchezo wa jadi wa huko. Kanzu nyeupe, kofia zilizodariziwa, bakora mikononi, safu moja bega kwa bega, na zumari ikilia mbele yao. Wanasogea polepole mno. Mwanangu aliuliza kwa sauti kwa nini hawachezi. Mzee aliyekaa barazani nyuma yetu akacheka, akamwambia, "Mjukuu wangu, hao wacheza. Tazama bakora, usitazame miguu." Tukatazama. Bakora zote zinainuka pamoja, zinainama pamoja, na hakuna anayemtangulia mwenzake hata kidogo. Mzee akaendelea kutueleza kwamba goma ni mchezo wa adabu, na mwenye pupa huiaibisha safu nzima. Bila maneno yake tungerudi Shela tukisema tumeona wazee wakitembea.

Nyuma yao wakaja akina mama wa vugo, wakipiga pembe za nyati kwa vijiti na kuimba. Wenyeji waliokuwa kando ya njia walikuwa wakicheka na kuitikia, kwa sababu nyimbo zile zimejaa mafumbo na kila fumbo lina mwenyewe. Sisi wageni tulikuwa na simu tu. Wengine walikuja na nguo za kuogea, mabega wazi, wakaingia katikati ya safu kujipiga picha. Mama mmoja alivuta mtandio akafunika uso, akaendelea kuimba. Niliona haya kwa niaba ya wenzangu. Gazeti likichapa maelekezo mafupi ya mavazi na ya kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, si kila mtu atayafuata, lakini wapo watakaoyafuata.

Jambo lililonifanya nichukue kalamu, hata hivyo, ni mashairi. Jioni kijana mmoja alisimama kughani. Vina vimetulia, mizani haina kasoro, na shairi lote lilihusu wavuvi na bandari mpya: sehemu walizozoea kuvua zimechimbwa, mashua zao ni ndogo kwa bahari kuu, na ahadi ni nyingi. Kila alipofika kwenye kibwagizo, umati ulimpokea. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa sababu ya mradi huo wa bandari. Kwa hiyo lile halikuwa shairi la burudani tu. Ilikuwa habari, na ilisomwa hadharani mbele ya waandishi wa habari. Nilinunua magazeti yaliyofuata nikalitafuta, sikupata hata ubeti. Punda alikuwepo.

Kwa mtu wa huku bara hili laweza kuonekana dogo, lakini mji ule umezoea kuzungumza siasa kwa shairi tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi ya Mombasa na ya kisiwa jirani cha Pate yalitua Shela kuivamia Lamu, yakashindwa palepale ufuoni. Masimulizi yanasema maji yalikupwa, vyombo vyao vikakwama mchangani, wasiweze kukimbia. Kuhusu uhasama huo, washairi wa Mombasa na wa Lamu walitupiana beti kama watu wanavyotupiana barua za kibalozi, na beti hizo bado zinasomwa leo. Ngome inayoutazama uwanja wa Mkunguni, iliyokamilika mwaka 1821, ni zao la nyakati hizo. Mchanga tuliokuwa tumejilaza siku zote ndio ule ule wa vita. Mtu wa kwanza kunieleza hayo alikuwa mzee wa barazani, na shuleni nilifundishwa vita vya Ulaya hadi majina ya majenerali.

Najua pia kuna wanaosema matamasha haya ni maonyesho ya kuwafurahisha watalii. Waende wakaone. Watalii tulikuwa wachache, tena tusioelewa mengi. Waliokuwa wakisahihisha mchezaji akikosea, wakitaja mchezo wa bao wa fulani wa mtaa wa Langoni na kubishana nahodha gani alikata kona vibaya katika mashindano ya mashua, ni wenyeji.

Ombi langu, Mhariri, halihitaji fedha nyingi. Mwaka huu mtume Lamu mwandishi anayejua shairi, hata kama ni yule anayehariri ukurasa wenu wa ushairi. Chapeni mashairi yaliyoshinda yakiwa kamili, pamoja na majina ya waliotunga na mitaa wanayotoka. Mtafuteni mtu wa Lamu atufafanulie goma na vugo kwa aya chache. Na ratiba itoke kwenye gazeti mapema, maana sisi tuliijua kwa bahati ya mwenye nyumba mkarimu, na wengi waliokuwa hoteli za Shela siku ile hawakujua kabisa kwamba mjini kuna jambo.

Msomaji wenu,
Nakuru