Barua ya Wazi kwa Vijana Mlioanza Maisha: Mlipeni Dada wa Kazi Kwanza, Ndizi za Mnada Zitasubiri

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi mliooa na kuolewa miaka hii ya karibuni, mnaokaa hapa Moshi, Pasua, Majengo, Soweto, Rau na kule Shanty Town, mnaojaza madawati ya katikati ibada ya pili. Wengi nawafahamu kwa majina. Wengine nilikuwepo mkibatizwa, wengine nilikaa upande wa wazee siku ya posa zenu. Kwa hiyo mtanivumilia nikisema bila kuzunguka, maana nina uchungu, na nimeubeba kwa muda.

Jumapili ya mavuno mlikuwepo. Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada: trei za mayai, jogoo, maparachichi, na mkungu wa ndizi mshare ulioletwa na bibi mmoja kutoka Mbokomu. Mkungu ule pale soko la Mbuyuni ungepata elfu ishirini siku ya bahati. Kijana wetu mmoja akaupandisha mpaka 150,000. Vigelegele vikapigwa, akaombewa baraka mbele ya watu wote. Sina neno na hilo. Kumtolea Mungu kwa furaha ni jambo jema, na paa la kanisa linahitaji mabati.

Shida ni kilichofuata. Pembeni, karibu na bomba, alisimama dada wa kazi wa kijana yule, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa kamshika mkono. Yule mkubwa akachomoka, akaingia kwenye tope na viatu vyake vyeupe. Baba yake, joho la kwaya bado liko begani na mkungu haujafika hata kwenye buti la gari, akageuka akamwita yule binti ng'ombe. Akamuuliza kama kwao watu wanazaliwa au wanafugwa. Kwa sauti, mbele za watu. Binti hakujibu. Alichuchumaa akaanza kufuta kiatu cha mtoto kwa ncha ya kanga yake, taratibu, mpaka ule weupe ukarudi. Hakuna aliyemkemea yule baba. Watu walishahamia kwenye jogoo.

Mke wangu alimfuata binti akaongea naye. Ametoka Singida, ana miaka kumi na tisa. Walipatana elfu hamsini kwa mwezi na ana miezi sita hajaona hata senti. Kila akiuliza anaambiwa, "Hela yako nakutunzia." Chupa ya chai ilipovunjika akaambiwa itakatwa humohumo kwenye hela inayotunzwa. Hesabu ni nyepesi, wanangu. Elfu hamsini mara sita ni laki tatu. Nusu ya jasho la binti huyu ndiyo iliyopigiwa vigelegele.

Tukaenda nyumbani kwa kijana yule, mimi na mzee mwenzangu, jioni, kwa upole. Tulikaribishwa vizuri, na chai ililetwa na huyo huyo binti. Tulipoeleza kilichotuleta, kijana akajibu kwa adabu kabisa: "Wazee wangu, nawaheshimu sana, lakini mambo ya ndani kwangu si ya usharika."

Ni sentensi hiyo iliyonifanya niandike kwenu wote, maana si yake peke yake. Nimeisikia kwa wengi, wake kwa waume, ikisemwa kwa maneno tofauti.

Kama mambo ya ndani kwako si ya usharika, usharika unabaki na nini chako? Unabaki na saa mbili za Jumapili na bahasha yenye namba. Kristo alipoingia nyumbani kwa Zakayo, mwenye nyumba alisimama akataja fedha: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hapo ndipo Bwana akasema wokovu umefika nyumba hii. Na Bwana huyo huyo alisema ukiileta sadaka madhabahuni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache pale pale, nenda kapatane naye kwanza, ndipo urudi uitoe. Someni Mathayo sura ya 5. Hakusema malizia mnada kwanza. Torati nayo inasema mshahara wa kibarua usilale kwako hata asubuhi. Usiku mmoja tu, wanangu! Ninyi mnaulaza tangu masika hadi vuli. Yakobo anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele zake zinafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwa hiyo tunapoimba kwa sauti nne pale mbele, kuna sauti nyingine inapanda kutoka majikoni kwetu, na Mungu anazisikia zote mbili.

Nazijua sababu mnazotoa. "Anakula bure, analala bure." Hali bure. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko, anaogesha watoto, anafua, anapiga deki, anakimbia gengeni, na mtoto akishikwa na homa usiku ni yeye anayekesha naye kwa sababu wewe kesho una kikao. Sahani yake anaila wa mwisho, amekaa kwenye ndoo jikoni. "Nakutunzia." Nani alikupa kazi ya benki? Kama kweli unatunza, daftari liko wapi, na mbona siku akitaka kwenda kumzika bibi yake hela iliyotunzwa haipatikani? "Hajui kazi." Mfundishe. Wewe ulipoajiriwa ulifundishwa, na mwezi wa kwanza ulilipwa.

Mama yake binti yule yuko kijijini, anaangalia simu kila mwisho wa mwezi akingoja ujumbe wa kutumiwa hela. Kuna mdogo mtu anasubiri sare ya shule. Fikirieni hilo mkiwa mmelala.

Sheria pia iko upande wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhesabu dada wa kazi kuwa mfanyakazi kama wewe uliyeko ofisini: mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Maana yake hata zile elfu hamsini walizopatana zilikuwa chini ya haki yake. Na Sheria ile ya 2004 inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Bado nawaona pale stendi wakishushwa kwenye mabasi, watoto wa kike wembamba na mifuko yao ya salfeti, dalali anapokea chake na mama mwenye Biblia mkobani anampokea binti. Mkristo asingoje afisa kazi amgongee mlango ndipo atende haki.

Na kinywa. Yakobo anashangaa kinywa kile kile kumhimidi Mungu na kuwalaani watu walioumbwa kwa mfano wake. Nimewasikiliza. Kwa mchungaji mnaongea kwa unyenyekevu, kwa meneja mnachagua maneno, kwa mteja mnatabasamu. Anayepata maneno makali ni asiyeweza kujibu: dada, mlinzi, konda wa Hiace, mama aliyekaa chini na beseni la nyanya Mbuyuni, ambaye mnamtukana kwa sababu ya mia mbili. Mkitaka kujua imani yenu imefika wapi, msiangalie mnavyoomba kwenye jumuiya. Angalieni mnavyoongea na mtu ambaye mkimuumiza leo hakuna litakalowapata kesho. Hilo jina la beki tatu, nalo, liacheni. Ana jina alilobatizwa nalo, na watoto wenu wanawaiga. Nimemsikia mtoto wa miaka minne akimwambia dada "mjinga wewe" kwa lafudhi ya baba yake kabisa.

Someni Wafalme wa Pili, sura ya 5. Naamani alikuwa jemadari, mtu mkubwa, lakini mwenye ukoma. Aliyefungua njia ya kupona kwake ni binti mdogo aliyetekwa Israeli, akawa anamtumikia mke wa Naamani. Jina lake halikuandikwa. Alisema neno moja tu kwa bibi yake, kwamba yuko nabii Samaria. Ninachowataka mkione ni kwamba katika nyumba ile binti aliweza kufungua mdomo, na alipousema ukweli wake, wakubwa walimsikiliza. Kwenu anaweza? Ninyi mnaondoka saa moja asubuhi na kurudi usiku. Anayewafundisha watoto wenu kusema Baba Yetu kabla ya kulala, mara nyingi, ni yeye. Mmemkabidhi roho za watoto wenu, halafu mnashindwa kumkabidhi elfu hamsini yake.

Sitaki kuwabebesha ninyi peke yenu. Jamii yetu imeharibika mahali. Kadi ya mchango wa harusi ikija, mtu anaahidi laki tatu papo hapo maana kamati itasoma majina ukumbini, na asipotimiza atapigiwa simu mpaka ajifiche. Desemba ikifika tunapanda kijijini na magari yaliyooshwa, mbuzi wanachinjwa, pombe ya mbege inamwagika, na nyuma Dar na Arusha kuna madeni ya watu wadogo. Na kanisa letu, niseme wazi, linasoma kwa furaha majina ya waliomaliza ahadi zao. Sijasikia likiuliza fedha hiyo imepita juu ya mgongo wa nani. Mchungaji akihubiri habari za mshahara wa kibarua, baadhi ya wafadhili watanuna. Na wanune. Amosi hakuwaogopa.

Mengine nitayataja tu, maana mnayajua. Nyie wenye maduka, sado iliyobonyezwa kitako ni wizi. Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa, na niliona wakulima walivyokuwa hawaondoi macho kwenye mshale. Babu zetu walianzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ikafuata mwaka 1933, kwa sababu mkulima mdogo alitaka bei ya haki, nanyi mnawapunja wajukuu wa watu hao hao. Deni la dukani, lipeni. Ukisema unakuja saa nne, uje saa nne. Msiape kwa jina la Mungu kwenye biashara ya simu iliyotumika. Ukibandika "Mungu ni Mwema" kwenye kioo cha nyuma, usimtukane bodaboda. Na lile kundi la simu la jumuiya, habari ya ndoa ya mtu isipite pale hata kama imeandikwa "tumuombee".

Wamisionari wa Leipzig, kutoka Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Waliobatizwa mwanzoni walikuwa wachache, na majirani zao wengi hawakujua kusoma hata herufi moja. Biblia waliyoweza kuisoma ni mtu yule wanayepakana naye kihambani, kwenye shamba la nyumbani: anavyogawa maji ya mfereji, anavyoongea na mkewe, anavyomtendea mjane. Dada aliyeko jikoni kwako anakusoma hivyo hivyo, na yeye anakusoma kutwa nzima, hata kurasa ambazo mchungaji hajawahi kuziona. Kuna mabinti waliokuja Moshi wakiwa Wakristo wakaondoka hawataki kusikia jina la kanisa. Hilo linanitoa machozi kuliko deni lolote la usharika.

Sasa nawaomba yafuatayo, nami nawaomba kama baba. Wiki hii kaeni chini, mume, mke na dada, mfanye hesabu yote kwa daftari, bila kukata chupa wala sahani. Lipeni. Hela iende kwenye simu yake au mkononi mwake, si kwenye maneno. Mkubaliane siku yake ya kupumzika, na siku hiyo asiombwe "kidogo tu" kuosha vyombo. Kama mlimtukana, mwombeni msamaha mkimtaja kwa jina, mbele ya watoto wale wale waliosikia. Aliyekwama kweli, ambaye biashara imeanguka na hana, aje kwangu kabla ya Jumapili tupange namna ya kulipa kidogo kidogo. Sitamwaibisha mtu.

Na jumuiya ya Jumamosi ijayo asubuhi ni zamu yangu. Njooni na dada zenu. Wakae kwenye viti sebuleni pamoja nasi, wasiende jikoni. Chai atapika mke wangu, ameshasema, na wimbo wa kufungulia watachagua wao.

Wenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa mstaafu,
Moshi.