Wakuu wa idara nao wafundishwe kuongoza miradi ya TEHAMA

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la mafunzo ya watumishi wanaosimamia miradi ya serikali mtandao. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ilipounda Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), mifumo imeenea hadi vijijini. Leo hata mwalimu mkuu wa shule ya msingi hutakiwa kufanya manunuzi kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma mtandaoni.

Hoja yangu ni nani anayefundishwa. Mara nyingi semina huwaendea maofisa TEHAMA, ilhali mwenye mradi ni mkuu wa idara. Yeye ndiye anayejua hatua za kazi, anayetetea bajeti na anayepokea mfumo ukikamilika. Asipoweza kumhoji mtaalamu, utaratibu wa zamani wa makaratasi huhamishiwa kwenye kompyuta ulivyo. Huku kwetu mwananchi hujaza ombi la kibali mtandaoni, kisha huambiwa alete nakala yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji. Kazi imekuwa mara mbili, na nauli ni yake!

Napendekeza e-GA na Chuo cha Utumishi wa Umma waandae kozi ya lazima kwa wakuu wa idara, wasome bega kwa bega na maofisa TEHAMA wao, wakitumia mradi halisi wa ofisi yao. Kabla ya kuhitimu, kila mmoja akae mapokezi siku kadhaa amtazame mwananchi akihangaika na mfumo huo, kisha arekebishe kinachomkwamisha.

Msomaji wako,
Morogoro