Viatu vya Kwanza vya Dansi ya Kiayalandi: Soma Kabla Hujanunua

Wazazi wengi wanaoleta watoto dukani kwetu hapa Dublin kwa ajili ya darasa la kwanza la dansi ya Kiayalandi huomba viatu vigumu, vile vinavyolia kwa kishindo jukwaani. Tunalielewa ombi hilo, kwa kuwa wengi duniani waliifahamu dansi hii kupitia onyesho la dansi la Riverdance, lililoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1994 katika mapumziko ya shindano la nyimbo la Eurovision, lililofanyika mjini humu. Hata hivyo, anayeanza huanza na viatu laini, nasi hatuna haraka ya kumuuzia vingine.

Miezi ya mwanzo ni ya riili na jigi nyepesi, dansi mbili zinazochezwa kwa viatu laini. Mwanafunzi hufundishwa kusimama wima, mikono ikiwa imenyooka ubavuni, nyayo zimegeukia nje na mguu mmoja umepita mbele ya mwingine. Kisha huenda upande kwa hesabu ya saba akiwa juu ya vidole, bila kisigino kugusa sakafu. Mwalimu asipoona jinsi vidole vinavyonyooka hawezi kumsahihisha, na ndiyo sababu viatu hivi vya ngozi nyeusi ni vyembamba kiasi cha kuonyesha umbo lote la unyayo. Viatu vigumu, vyenye ncha na visigino vya faibaglasi, ni vizito kwa kifundo ambacho bado hakijapata nguvu, na vina wakati wake, ambao mwalimu ndiye anayeujua.

Tatizo tunalokutana nalo kuliko yote ni saizi. Mzazi huchagua jozi kubwa ili mtoto akue nayo, jambo la busara kabisa kwa viatu vya shule, lakini ngozi hii hulegea kadiri inavyotumika. Kiatu kikishalegea hujikunja mbele, na mtoto hukunja vidole ili kisimtoke, yaani anajizoesha kinyume cha kile anachofundishwa. Mpimie akiwa amesimama kwa uzito wake wote, na soksi nyembamba: vidole vifike mwisho wa kiatu bila kujikunja, na nyuma ya kisigino pasibaki ngozi ya kufinya. Kamba ni ndefu, hivyo huzungushwa chini ya unyayo na kufungwa kwenye kifundo bila kukaza mno, kisha ncha zake huchomekwa ndani zisije zikamkwaza.

Viatu laini vya wavulana ni tofauti, kwa kuwa huwa na kisigino kigumu, ila kanuni ya saizi haibadiliki.

Gauni la nakshi na wigi havihitajiki darasani, na hata katika mashindano ya ngazi ya kwanza sketi na blauzi nadhifu au vazi la darasa hutosha. Watu wazima wanaotaka dansi za makundi, kama vile Walls of Limerick, ambayo jozi mbili za wachezaji huicheza zikitazamana, wanaweza kuanza na viatu vyovyote vyepesi vyenye soli inayokunjika.

Tafadhali mje na soksi atakazovaa mtoto darasani. Kupima ni bure, na jozi iliyojaribiwa nyumbani juu ya zulia pekee tunaibadilisha bila malipo.