Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyasi au Mabati?

Ndugu wanachama, hamjambo.

Hesabu atazisoma mweka hazina, sitamtangulia. Niseme tu kwamba wakala mmoja wa utalii bado hajatulipa pesa za Agosti, na kamati haijachoka kumdai.

Lililotugawa mwaka huu ni paa za banda zetu za kulaza wageni. Wanaotaka mabati wanasema banda za nyasi ni mambo ya kale. Haya, tuyaangalie hayo ya kale. Msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1933. Wengi wetu tulikua tukiiona ile nyumba ya mbao ya Idara ya Misitu pale Isecheno, kusini mwa msitu, imesimama juu ya nguzo. Mgeni alibeba chakula chake na blanketi lake. Umeme hakuna, na bado watafiti wa ndege walirudi. Huko kaskazini, sehemu za msitu za Buyangu na Kisere zilifanywa hifadhi ya kitaifa mwaka 1985, na Buyangu kuna banda za nyasi zenye jina la Udo Savalli, mtafiti wa ndege. Vijana wa Isecheno walioanzisha KEEP, mpango wa elimu ya mazingira, mwaka 1995, wafundishe watoto habari za msitu, nao walikuja kulaza wageni kwenye banda.

Hakuna aliyeuza starehe hapo. Mgeni hulipia mbega wanaonguruma alfajiri na ndege shorobo mkubwa wa buluu anayeruka mti hadi mti.

Sasa nendeni ghalani kwetu, tulikoezeka mabati. Mvua ya alasiri ikishika, karani humpigia kelele mpishi aliye hatua nne tu kutoka kwake, na mpishi hasikii. Mgeni aliyetoka Nairobi kuja kusikiliza msitu tumlaze chini ya ngoma hiyo?

Lakini wa mabati nao wana hoja. Banda la pili lilimvujia mgeni kitandani mwezi Mei, tukamhamisha saa nane usiku na godoro kichwani. Nyasi nzuri zimeadimika kwa kuwa mashamba yamegawanywa vipande vipande, na fundi wa kuezeka anayejua kazi anazeeka bila mwanafunzi. Hilo ndilo linalonikera kuliko bei.

Kamati inapendekeza jikoni na vyooni tuweke mabati, vyumba vya kulala vibaki na nyasi, na vijana wawili wakae na fundi huyo kwa gharama ya chama. Kura itapigwa baada ya chai.