Picha ya Tiketi Si Tiketi

Mara kwa mara mteja anatufikia sisi wauzaji wa tiketi za maonyesho na simu mkononi, anatuonyesha picha ya tiketi aliyotumiwa na mtu aliyekutana naye mtandaoni, kisha anauliza, "Hii ni halali?" Jibu letu humkatisha tamaa: kwa kuitazama tu hatuwezi kujua, na yeye pia hawezi.

Tiketi ya siku hizi ni rekodi iliyomo kwenye mfumo wa aliyeitoa. Msimbo unaosomwa mlangoni ni ufunguo wa rekodi hiyo, na ukishasomwa mara moja, tiketi imetumika. Mlanguzi anaweza kununua tiketi moja ya kweli, akaipiga picha na kuwauzia watu kumi. Atakayetangulia ataingia. Tisa watabaki nje wakibishana na mlinzi asiye na kosa lolote. Inauma sana kuwaona, wengine wamesafiri na watoto. Ndiyo sababu kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster ilianza mwaka 2019 kutumia misimbo inayojibadilisha kila baada ya sekunde chache, ili picha ya zamani isifungue mlango.

Basi ukinunua kwa mtu, kataa picha. Mwambie aihamishie tiketi kwenye akaunti yako kupitia programu iliyoitoa. Ikishahama, haiko tena mikononi mwake. Muuzaji mkweli hamalizi dakika tano. Anayedai programu inasumbua, au kwamba kuna wengine watatu wanaisubiri, achana naye, hata kama onyesho ni usiku huo huo. Haraka yako ndiyo mtaji wake.

Kuhusu malipo, kadi ya benki inakupa nafasi ya kupinga muamala. Pesa taslimu na sarafu za kidijitali kama Bitcoin hazikupi. Kwenye PayPal, huduma ya kulipa mtandaoni, muuzaji akikuomba utume kama unamtumia rafiki au ndugu, ujue malipo ya namna hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi.

Katika mji wenye maonyesho kila usiku, mtego mwingine uko kwenye utafutaji wenyewe. Ukitafuta jina la ukumbi mtandaoni, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya kulipia, na baadhi ni ya wauzaji wa mkono wa pili waliovaa jina la ukumbi huo. Wapo hata wanaouza kiti ambacho bado hawajakipata: wanapokea pesa yako kwanza, kisha wanaanza kukitafuta. Anzia kwenye ukurasa wa msanii au wa ukumbi wenyewe, ufuate kiungo walichoweka wao. Ukilazimika kununua kwingine, uliza sehemu, mstari na namba ya kiti, kisha linganisha na ramani ya ukumbi. Tumewahi kuletewa tiketi ya mstari usiokuwepo.

Kama bado una wasiwasi, tutumie kiungo cha tangazo kabla hujalipa. Tutalikagua pamoja nawe bila malipo, hata kama hununui kwetu.